Ajali Haina Kinga, Lakini Nani Alipe?

Ilikuwa alasiri ya mwezi wa Aprili mwaka 1988, shule zimefungwa, nami nikiwa mwanafunzi wa darasa la tano. Mvua ya mawe ilianguka juu ya kambi yetu kama ilivyo ada ya nchi hii ya chai, nchi iliyopata sifa ulimwenguni kwa wingi wa siku ambazo mawe ya barafu hudondoka kutoka angani. Baba alikuwa ameaga dunia miaka miwili kabla ya hapo. Mama alikuwa kwenye mizani, akingoja majani yake yapimwe. Upepo ulipoanza kuvuma nilikimbia kulifunga dirisha, nikalifunga kwa namna ileile tuliyolifunga kwa mwaka mzima: kwa kamba ya katani, kwa kuwa komeo lake la chuma lilikuwa limeliwa na kutu hata likakatika. Kamba nayo ikakatika. Dirisha likajibamiza ukutani, vioo viwili vikapasuka, na maji yakaingia hadi chini ya kitanda.

Siku ya tatu karani wa nyumba akaja na daftari lake. Alilitazama dirisha, akanitazama mimi, kisha akamwuliza mama ni nani aliyeliacha wazi.

"Bwana karani, halikuachwa wazi," mama akajibu kwa heshima. "Komeo lilivunjika tangu mwaka jana, nasi tulikwenda kwa fundi mara mbili."

Karani akasema kwamba katika daftari lake hapakuwa na habari yoyote ya komeo. Akaandika neno moja tu: uzembe. Mwisho wa mwezi mshahara wa mama ulikuja ukiwa umekatwa, mwezi uliofuata vivyo hivyo, na wa tatu pia. Muhula wa pili ulipofunguliwa, dada yangu aliyekuwa kidato cha pili alikaa nyumbani wiki tatu akingoja karo. Kwa miaka mingi niliamini kwamba mimi, kwa fundo langu baya la kamba, ndiye niliyemfukuza dada yangu shuleni.

Nisingalilifukua jambo hili la zamani lau lingekuwa limekwisha. Lakini mwaka jana mzazi mmoja, ambaye mtoto wake yumo katika darasa langu, alinijia ofisini akiwa na hati yake ya mshahara iliyokunjwa mara nne. Alitaka nimsomee mstari mmoja. Mstari huo ulikuwa wa makato, na sababu iliyoandikwa ilikuwa uharibifu wa nyumba. Nilipomwuliza alichoharibu, aliniambia kwamba soketi ya umeme iliungua usiku ndani ya ukuta, ikauchafua ukuta kwa moshi, nao wote walikuwa wamelala. Hakuwa amechomeka chochote. Alichotaka kujua ni kama hayo yalikuwa haki. Nilitambua hapo kwamba mimi, mwalimu wa miaka mingi na mtoto wa kambi, sikuwa na jibu la kumpa.

Swali lenyewe ni jepesi kulitamka: nyumba ambayo si yako, lakini unaishi ndani yake, ikiharibika kwa ajali, ni nani anayepaswa kulipa? Waswahili husema ajali haina kinga. Ni kweli haina kinga, ila daima ina gharama, na gharama hiyo haikosi mtu wa kuibeba. Nimekuwa nikilitafuta jibu tangu siku ile, na ningependa niwashirikishe wasomaji, hasa walimu wenzangu na wanafunzi wetu, katika yale niliyoyapata.

Yafaa kwanza tukumbuke ni kwa nini suala hili lina uzito wa pekee hapa Kericho na Bomet. Chai ilipandwa Kenya kwa mara ya kwanza huko Limuru mwaka 1903, lakini mashamba makubwa ya Kericho yalianza katika miaka ya 1920, pale kampuni ya Brooke Bond na ile iliyohusiana na James Finlay zilipoanza kupanda chai juu ya ardhi ambayo wenyeji wanaidai hata leo. Mchai hauchumwi mara moja kwa mwaka kama mahindi. Huchumwa mwaka mzima, majani mawili na chipukizi, na jani lililochumwa halina budi kufika kiwandani siku hiyohiyo. Kwa hiyo mwenye shamba alihitaji watu waishio karibu, nao wakaja kutoka kila upande, Wakipsigis wa hapa na wengine kutoka Kisii, Nyanza na Magharibi. Nyumba ikawa sehemu ya ajira. Kambi zikajengwa, au laini kama wazee wetu walivyoziita, safu kwa safu katikati ya kijani kibichi. Bomet nayo ilikuwa ingali sehemu ya Wilaya ya Kericho, kwani haikutengwa kuwa wilaya hadi mwaka 1992.

Sheria ya nchi iliutambua mpango huu. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri ampe kila mfanyakazi makao yanayofaa, kwa gharama ya mwajiri mwenyewe, au amwongezee katika mshahara fedha za kutosha kulipia kodi ya nyumba. Maneno "kwa gharama ya mwajiri mwenyewe" yanastahili kusomwa mara mbili. Nyumba ya kambi si sadaka. Mfanyakazi ameshailipia kwa jasho lake, kwa kuwa akipewa nyumba hapewi fedha za kodi.

Nyumba yoyote huharibika kwa njia tatu, na fujo nyingi huanzia pale njia hizi zinapochanganywa. Ya kwanza ni uchakavu. Rangi hubambuka, bawaba hulegea, mabati hushika kutu, na sakafu ya saruji huchimbika kwa nyayo za miaka. Huku kwetu, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, unyevu hauishi ukutani, na mbao za madirisha huoza mapema kuliko mahali pakavu. Masizi ya kuni huifanya dari iwe nyeusi hata mama wa nyumba awe msafi namna gani. Huo si uharibifu uliofanywa na mtu. Ni kazi ya wakati.

Ya pili ni ajali. Mvua ya mawe hupasua kioo, radi hupiga nguzo, waya uliopitishwa ukutani miaka thelathini iliyopita huungua, bomba hupasuka usiku. Ya tatu ni kosa la mtu, nalo lina ngazi mbili: uzembe, kama vile kuliacha jiko la makaa likiwaka karibu na pazia na kwenda kwa jirani, na kusudi, kama vile kung'oa mlango ili uwe kuni. Ngazi hizi mbili hazilingani, na sheria, kama nitakavyoonyesha, haizichukulii kuwa sawa.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inazungumza juu ya mpangaji na mwenye nyumba. Katika kifungu cha 66 inataja masharti yanayochukuliwa kuwa yamo katika mkataba wa kukodisha hata yasipoandikwa. Mpangaji anapaswa kuirudisha nyumba katika hali aliyoikuta. Hilo ndilo ambalo kila mwenye nyumba analifahamu na kulikariri. Lisilokaririwa ni yale yanayofuata: kwamba mpangaji hafungwi kutengeneza uharibifu uliotokana na uchakavu wa kawaida, wala moto, mafuriko, mlipuko au ajali nyingine isiyosababishwa na uzembe wake, wa wageni wake au wa watumishi wake, wala ghasia za raia, wala radi, tufani na majanga mengine ya asili. Kifungu cha 65 nacho kinamtaka mwenye nyumba ya kuishi ahakikishe kwamba inafaa kukaliwa na binadamu siku ya kuikodisha na siku zote za ukodishaji. Fauka ya hayo, nyumba ikiharibika kwa ajali ya namna hiyo hata isikalike, kodi nzima au sehemu yake husimamishwa mpaka itengenezwe.

Kwa hiyo mwalimu aliyepanga chumba Litein, Sotik au mjini Kericho, ambaye amana yake imezuiliwa kwa sababu mvua ya mawe ilivunja kioo, ana hoja ya kusimamia. Mawe ya barafu hayakuwa wageni wake.

Lakini mchuma chai si mpangaji kwa maana hiyo. Aghalabu hana mkataba wa kukodisha. Anaishi katika nyumba kwa kuwa ameajiriwa, na siku ajira itakapokoma naye ataondoka. Wapo wanaodhani kwamba kwa sababu hiyo hana kinga yoyote, na kwamba karani anaweza kumkata apendavyo. La kustaajabisha ni kwamba kinga yake katika jambo hili ni kubwa kuliko ile ya mpangaji. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira kinayataja makato ambayo mwajiri anaruhusiwa kuyafanya katika mshahara. Miongoni mwake ni kiasi cha haki kwa ajili ya mali ya mwajiri iliyoharibiwa au kupotea kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Kosa la makusudi. Sheria haikusema ajali, wala haikusema bahati mbaya. Na kwa jinsi ninavyoyasoma maneno hayo, hata uzembe mdogo wa kila siku hautoshi. Mwajiri anayedhani kwamba amedhuriwa na uzembe ana njia ya kwenda mahakamani na kuuthibitisha, bali hana ruhusa ya kujichukulia mwenyewe kutoka katika mfuko wa mshahara.

Kifungu hichohicho kinaweka mpaka mwingine: makato yote yakijumlishwa hayawezi kuzidi theluthi mbili za mshahara. Na mwajiri anayekata kinyume cha sheria amefanya kosa la kuadhibiwa, na anaweza kuamriwa arudishe alichokikata. Niliyasoma hayo yote usiku mmoja mezani kwangu, na niliyakumbuka maneno ya karani wa mwaka 1988. Uzembe, alikuwa ameandika. Hata yeye, katika hasira yake, hakuthubutu kuandika kusudi.

Busara hii si ya Kenya peke yake. Mwaka 1953 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kesi ya mpangaji wa kulipa kwa wiki, ambaye mwenye nyumba alimdai gharama za kutengeneza nyumba iliyoharibiwa na unyevu. Halmashauri ilikuwa imemwamuru mwenye nyumba aitengeneze, naye akataka kuusukuma mzigo kwa mpangaji. Jaji Denning alieleza kwamba wajibu wa mpangaji ni kuitunza nyumba kama mpangaji mwenye akili timamu anavyoitunza: azibue sinki ikizibwa na taka zake mwenyewe, atengeneze taa fyuzi inapokatika, asiivunje nyumba kwa kusudi wala kwa uzembe, na ahakikishe wageni wake hawaivunji. Zaidi ya hapo, nyumba ikichakaa kwa kupita kwa wakati au kwa sababu isiyo yake, si juu yake kuitengeneza. Mwenye nyumba akashindwa. Mawazo hayo yametembea katika nchi nyingi zilizorithi sheria za Kiingereza, yetu ikiwemo.

Ukiutazama kwa makini utaona kwamba mgawanyo huu haukutokana na huruma kwa maskini. Umetokana na hesabu ya kawaida. Mwenye nyumba moja au nyumba elfu moja ndiye anayeweza kuikatia bima. Ndiye anayeweza kuchagua kioo kizito au chepesi, waya mzuri au mbovu, komeo la kudumu au la bei rahisi. Ndiye ambaye nyumba hubaki kuwa mali yake baada ya matengenezo. Mfanyakazi hawezi kulibadilisha dirisha lisilo lake, na akilitengeneza kwa fedha zake hataondoka nalo. Anayeweza kuizuia ajali, na anayefaidika na matengenezo, ndiye mwenye haki ya kuubeba mzigo wa ajali. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga, na waliambiwa wenye kuta.

Hata hivyo nisingekuwa mwadilifu kama ningeyasikiliza malalamiko ya upande mmoja tu. Nimezungumza na wasimamizi wa kambi, watu waungwana wasiomchukia mfanyakazi. Wanasema kwamba mali ya kampuni haina mwenye kuionea uchungu. Wanasimulia juu ya milango iliyopasuliwa kuwa kuni, vioo vilivyopigwa kwa mpira wakati wazazi wakicheka, mifereji iliyoachwa wazi usiku kucha, na waya wa wizi uliounganishwa kutoka nyumba moja hadi nyingine mpaka safu nzima ikakosa umeme. Wanauliza: kama kila uharibifu utaitwa ajali, nani atajali? Swali lao ni la haki. Nimeishi katika kambi, na najua kwamba si kila anayesema "iliungua yenyewe" anasema kweli. Isitoshe, fedha zinazotumika kumtengenezea mvunjaji ndizo ambazo zingemtengenezea jirani yake mwadilifu paa linalovuja.

Jibu langu ni kwamba sheria haikumwachilia mharibifu. Aliyeng'oa mlango na akate mshahara wake, maadamu ni kiasi cha haki na maadamu imethibitishwa kwamba yeye ndiye. Tatizo letu halikuwahi kuwa kwamba wakosaji wanalipa. Tatizo ni namna ya kumpambanua mkosaji na aliyepatwa na ajali, na ni nani anayefanya upambanuzi huo. Katika kambi nyingi za utoto wangu aliyedai ndiye aliyechunguza, aliyechunguza ndiye aliyehukumu, na aliyehukumu ndiye aliyeshika mfuko wa kulipia. Mama hakuulizwa ushahidi. Na angelisema nini zaidi? Mwenye kubishana na karani anabishana juu ya nyumba yake, na mwenye kuipoteza kazi anaipoteza nyumba jioni ileile pamoja na watoto, sufuria na magodoro.

Hatari hii ilitambuliwa zamani. Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo lake nambari 115 la mwaka 1961 kuhusu nyumba za wafanyakazi, lilisema kwamba kwa kawaida haifai mwajiri awe ndiye anayewapa wafanyakazi wake nyumba moja kwa moja, isipokuwa pale hali inapolazimisha, kama vile mahali pa kazi panapokuwa mbali na miji. Mashamba yetu ya chai ni miongoni mwa pale panapolazimisha. Basi kama hatuwezi kuzitenganisha nyumba na ajira, hapana budi tuweke kitu kati ya karani na mfanyakazi, kitu ambacho hakina cheo wala hasira.

Kitu hicho ni karatasi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii huwa tunawafundisha watoto kama onyo kwa mfanyabiashara, lakini mimi naiona kuwa ni ngao ya mnyonge. Laiti siku mama alipokabidhiwa nyumba ile pangalikuwa na karatasi moja iliyoandikwa: dirisha la mbele, vioo vyote vizima, komeo limeshika kutu, mlango, bawaba moja imelegea, dari, doa la maji upande wa kushoto, karani ametia sahihi, mama ametia sahihi, kila mmoja amebaki na nakala. Na laiti siku tulipokwenda kwa fundi pangalikuwa na kijikaratasi cha pili chenye tarehe. Karani asingalipata nafasi ya kusema kwamba katika daftari lake hapakuwa na habari ya komeo. Uzembe ulikuwepo, naam, lakini haukuwa wa mtoto mwenye kamba ya katani. Ulikuwa wa yule aliyearifiwa mara mbili asitende.

Sheria yenyewe haiko mbali na wazo hili, kwani kifungu cha 74 kinamtaka mwajiri anayetoa nyumba aweke kumbukumbu za maelezo ya makao hayo. Kinachobaki ni kumbukumbu hizo ziwe za hali ya nyumba, chumba kwa chumba, na ziwe katika mikono miwili. Chama cha wafanyakazi wa mashamba makubwa na kilimo, ambacho hufanya mapatano ya mishahara na waajiri wa chai, kingeweza kuliingiza sharti hili katika mapatano yajayo. Ni sharti ambalo halimgharimu mwajiri chochote zaidi ya karatasi na wino, na lingemwokoa na mabishano mengi. Pangekuwa pia na kamati ndogo ya kambi, mwakilishi mmoja wa wafanyakazi, mmoja wa usimamizi na fundi mmoja, ya kulitazama kila dai kabla senti moja haijakatwa. Asiyeridhika aende kwa afisa wa kazi, na ikibidi katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo huketi Kericho.

Jambo hili lina haraka kuliko linavyoonekana. Mashamba yanabadilisha wenyewe. Mwaka 2023 na mwaka 2024 ilitangazwa kwamba mashamba makubwa yaliyokuwa ya James Finlay, na baadaye yale ya Lipton ambayo zamani yalikuwa ya Unilever na Brooke Bond, yananunuliwa na kampuni ya Browns ya Sri Lanka. Mashine za kuchumia chai nazo zimepunguza mikono shambani, hata zikazua ghasia mwezi wa Mei mwaka 2023 zilipochomwa moto hapa Kericho. Shamba linapouzwa, nyumba huuzwa pamoja nalo, na aliye ndani hubaki. Je, mwenye mpya anajua komeo la nani lilikuwa bovu tangu enzi ya mwenye wa kale? Kama hakuna maandishi, kila kasoro iliyokutwa itakuwa ya yule aliyekutwa.

Wala wasio wa kambi wasidhani kwamba haya hayawahusu. Kwa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024, kila mwenye mshahara anakatwa asilimia 1.5, na mwajiri wake anaongeza kiasi hichohicho. Sheria hiyo inazitambua nyumba za kijamii, ambazo zimekusudiwa watu wenye mapato ya chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Walimu tunakatwa, na wachuma chai wa kudumu wanakatwa. Majengo yanainuka katika kaunti mbalimbali, na familia nyingi zitaingia ndani ya kuta ambazo bomba la maji la ghorofa ya tatu likipasuka litailowesha ghorofa ya pili na ya kwanza. Siku hiyo swali la dirisha la mama litaulizwa upya, kwa vyumba vingi zaidi. Afadhali tulijibu kabla funguo hazijagawanywa: mchakavu na ajali ni juu ya mwenye jengo, uzembe uliothibitishwa ni juu ya aliyezembea, na hali ya kila chumba iandikwe siku ya kuingia. Ibara ya 43 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya makao ya kutosha. Makao ambayo kila dhoruba humtia mtu katika deni hayajawa ya kutosha.

Na sisi walimu tufanye nini? Tunao watoto wa kambi mbele yetu kila asubuhi. Tunawafundisha kuandika insha juu ya ndege na safari ya kwenda Mombasa. Sioni kwa nini tusiwafundishe pia kuandika barua fupi ya kumwarifu fundi kwamba komeo limevunjika, yenye tarehe, jina na nambari ya nyumba, na kubaki na nakala yake. Katika hesabu tunawapa maswali ya theluthi mbili za machungwa. Tuwape theluthi mbili za mshahara. Tuwafundishe kuisoma hati ya mshahara mstari kwa mstari, kwa maana sheria inamtaka mwajiri aoneshe kila makato na sababu yake, ingawa vibarua wa siku hawajafikiwa na kifungu hicho. Wazazi wengi wa kambi huwategemea watoto wao kuwasomea karatasi za kazini. Mtoto anayejua kusoma tu atamsomea mama yake kiasi kilichokatwa. Mtoto anayejua kuuliza atamwuliza ni kwa nini.

Mzazi wangu wa soketi tulimwandikia barua pamoja, ukurasa mmoja, bila matusi na bila vitisho. Tulieleza usiku ule, tukakitaja kifungu cha 19, tukaomba fundi wa umeme autazame waya uliomo ukutani. Kampuni haikujibu kwa maandishi. Mwezi uliofuata mstari ule haukuwepo katika hati yake, ijapokuwa fedha zilizokwisha kukatwa hazijarudishwa hadi ninapoandika haya, na barua ya pili imeshakwenda.

Likizo iliyopita nilikwenda kumwona mama, ambaye amestaafu na anaishi kwenye kipande chake cha ardhi upande wa Bomet. Nilimweleza habari ya sheria, polepole, nikimwambia kwamba kwa kipimo cha sheria ya leo hakupaswa kukatwa hata senti kwa ajili ya vioo vile viwili. Nilimwambia pia kwamba kwa miaka yote nilidhani lilikuwa kosa langu. Alishangaa kwamba nilikuwa ningali nalikumbuka jambo hilo. Kisha akaniambia, "Mwanangu, ile kamba niliifunga mimi asubuhi kabla sijaenda kazini. Wewe ulirudia fundo langu." Akanyamaza kidogo, akaongeza: "Ningalijua kwamba mtu anaruhusiwa kuuliza, ningaliuliza."